Kisa cha Madras, 1965: tarehe ya mwisho ambayo haikufika

Katiba ya India ilipoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ndani yake mlikuwa na ahadi iliyowekewa siku. Kwa miaka 15 Kiingereza kingeendelea kutumika katika shughuli za serikali kuu. Baada ya hapo Kihindi kingeshika kazi yote. Hesabu yake haina ugumu: 26 Januari 1965. Siku hiyo ilipofika, katika mji wa Madras, ambao leo unaitwa Chennai, bendera nyeusi zilikuwa zimepandishwa juu ya nyumba, kiongozi wa upinzani alikuwa ameshawekwa ndani, na kijana mmoja mfuasi wa chama chake alijimwagia mafuta akajiwasha moto. Kabla Februari haijafika katikati, waziri mkuu alikuwa ameshaingia redioni kuwahakikishia wananchi kwamba Kiingereza kitabaki. Kimebaki hadi leo.

Wengi hukieleza kisa hiki kama hasira za Watamil, wenyeji wa huko, wanaoipenda mno lugha yao ya Kitamili. Mapenzi yalikuwapo, tena makubwa. Lakini mtu hapigani na polisi wiki tatu kwa ajili ya mashairi peke yake. Kilichogombewa Madras ni nani abebe gharama ya nchi kuwa na lugha moja, na nani aibebeshe wengine.

Tuelewane mapema kuhusu jina. Hapa Kihindi ni ile lugha ya kaskazini mwa India inayoandikwa kwa hati za Devanagari, basi. Wahindi waliofungua maduka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wengi wao nyumbani walizungumza Kigujarati na Kikachi. Wagoa walikuwa na Kikonkani chao. Na vibarua na mafundi wengi waliojenga reli ya Uganda walitoka Punjab. Hata hao jirani zetu wa miaka yote hawakuwa watu wa lugha moja.

Uwanja wenyewe

Sensa ya India ya mwaka 2011 iliwauliza watu lugha mama zao, ikapokea majina 19,569. Wataalamu wakachambua, wakaunganisha majina yanayorudia kitu kilekile, wakabaki na 1,369. Wakayapanga tena na kuhesabu zile zenye wasemaji 10,000 na zaidi, wakapata lugha 121. Ukitaka kujua India ina lugha ngapi, kwa hiyo, inategemea umesimama kwenye hatua ipi ya uchambuzi huo.

Kihindi kilitajwa na asilimia 43.6 ya watu. Ni wengi kuliko wasemaji wa lugha nyingine yoyote nchini humo, lakini hawafiki nusu. Kibengali kinafuata kwa asilimia 8, kisha Kimarathi na Kitelugu karibu 7 kila kimoja, na Kitamili karibu 6, yaani watu milioni 69.

Asilimia hizo hazionyeshi umbali wa lugha zenyewe. Kihindi, Kigujarati, Kipunjabi, Kimarathi na Kibengali ni ndugu wa ukoo mmoja, ule wa Kihindi-Kiarya, ambao nao una uhusiano wa mbali na lugha za Ulaya. Kitamili, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam ni wa ukoo mwingine kabisa, wa Kidravidi. Mgujarati akijifunza Kihindi ni kama Mgiriama akijifunza Kiswahili: sarufi inamkaribisha, maneno mengi anayafahamu nusunusu. Mtamil akijifunza Kihindi yuko mahali pa Mjaluo: lazima aanze na alifu. Na hapo bado hatujawataja Wakhasi wa Meghalaya na Wasantali, wenye lugha za ukoo wa Austro-Asia, wala watu wa milima ya kaskazini-mashariki ambao lugha zao zina udugu na Kitibeti.

Maafikiano ya mwaka 1949

Bunge la Katiba lililokutana Delhi lilipambana na suala hili kwa uchungu. Mwezi Desemba 1946, katika siku zake za mwanzo kabisa, mjumbe R. V. Dhulekar alisimama akatangaza kwamba asiyejua Kihindustani, yaani lugha ya mazungumzo ya kaskazini inayochanganya Kihindi na Kiurdu, hana haki ya kukaa India. Miaka miwili baadaye T. T. Krishnamachari wa Madras aliwaonya wenzake wa kaskazini kwamba ubeberu wa lugha utawapa nguvu wale wa kusini wanaotaka kujitenga. Wachague wanataka India nzima au India ya Kihindi. Kichekesho ni kwamba moja ya mabishano makali zaidi hayakuhusu hata maneno, yalihusu tarakimu. Je, serikali iandike namba kwa alama zinazotumika duniani kote, au kwa zile za Devanagari?

Tarehe 14 Septemba 1949 yakapita maafikiano yaliyoandaliwa na K. M. Munshi na N. Gopalaswami Ayyangar. Kihindi kiwe lugha rasmi ya serikali kuu. Tarakimu ziwe zile za kimataifa. Kiingereza kipewe miaka 15. Lugha 14 ziorodheshwe katika Jedwali la Nane la katiba, Kitamili kikiwamo. Maneno "lugha ya taifa" hayakuandikwa popote, na hayajaandikwa hadi leo, ingawa utawasikia wengi hata huko India wakiapa kwamba Kihindi ndiyo lugha ya taifa kikatiba.

Wazee wetu wangeyaita maafikiano hayo funika kombe mwanaharamu apite. Kila upande uliitazama ile miaka 15 kwa jicho lake. Wa kaskazini waliona muda wa kuwafundisha wa kusini. Wa kusini waliona muda wa wa kaskazini kubadili mawazo. Hakuna aliyesema kwa sauti itakuwaje wasipobadilika.

Dalili zilikuwapo

Madras haikulipuka bila kutoa ishara. Mwaka 1938 C. Rajagopalachari, kiongozi wa serikali ya chama cha Congress katika jimbo la Madras chini ya Waingereza, aliagiza Kihindi kiwe somo la lazima katika shule kadhaa. Maandamano yaliongozwa na E. V. Ramasamy, anayejulikana kwa heshima kama Periyar. Zaidi ya watu 1,000 walifungwa, wakiwamo akina mama walioingia gerezani na watoto wao. Vijana wawili, Natarajan na Thalamuthu, walifia kifungoni mwaka 1939. Serikali ya Congress ilipojiuzulu kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, gavana Mwingereza aliifuta amri ile Februari 1940. Rajagopalachari mwenyewe, miaka ishirini baadaye, alikuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa Kihindi. Siasa ina mambo.

Ishara ya pili ilitoka kwa Watelugu, waliokuwa ndani ya jimbo hilohilo la Madras. Potti Sriramulu alianza kufunga kula tarehe 19 Oktoba 1952 akidai jimbo la wasemaji wa Kitelugu. Alifariki usiku wa 15 Desemba. Ghasia zikafuata, na siku nne baadaye waziri mkuu Nehru, ambaye hakulipenda wazo hilo hata kidogo, akatangaza kwamba jimbo la Andhra litaundwa. Lilizaliwa 1 Oktoba 1953, na mwaka 1956 ramani ya India nzima ikachorwa upya kwa kufuata lugha. Kila Mhindi aliyekuwa akisoma magazeti alijifunza jambo moja: mtu mmoja akifa kwa ajili ya lugha, Delhi hugeuza msimamo ndani ya wiki moja. Sidhani kama waliojichoma moto miaka ya sitini walikuwa wamelisahau somo hilo.

Tume ya lugha rasmi iliyoongozwa na B. G. Kher, iliyoundwa 1955, ilipendekeza safari ya kwenda kwenye Kihindi iendelee. Wajumbe wawili walikataa kutia mkono bila maelezo yao: P. Subbarayan wa Madras, na Suniti Kumar Chatterji, mwanaisimu wa Bengal ambaye awali alikuwa mtetezi wa Kihindi. Tatizo, kwa hiyo, halikuwa la Watamil peke yao.

Nehru alilitambua hilo. Agosti 1959 aliahidi bungeni kwamba Kiingereza kitaendelea kwa muda wowote watakaohitaji watu, na kwamba uamuzi atawaachia wasiozungumza Kihindi. Ahadi nzuri, ila ilikuwa ya mdomo. Sheria ya Lugha Rasmi ilipopitishwa mwaka 1963, ilisema Kiingereza "kinaweza" kuendelea kutumika baada ya 1965. Wapinzani walitaka "kitaendelea". Kwa mtu wa kawaida ni tofauti ya silabi. Kwa mtumishi wa serikali ni tofauti kati ya haki na hisani. Kisha, 27 Mei 1964, Nehru akafa, na mtoa ahadi akawa hayupo.

Januari na Februari

Chama cha DMK kilikuwa kimezaliwa mwaka 1949 kikiongozwa na C. N. Annadurai, mwandishi na msemaji ambaye watu walilipa kiingilio kumsikiliza. Hoja yake dhidi ya wingi wa wasemaji ilikuwa ya dhihaka: kama wingi ndio kigezo, ndege wa taifa la India angekuwa kunguru, si tausi. Sijaona bado aliyeijibu vizuri.

Mwaka mmoja kabla ya tarehe yenyewe, 25 Januari 1964, kijana aitwaye Chinnaswami alijichoma moto mjini Tiruchirappalli. Serikali ya jimbo chini ya M. Bhaktavatsalam, waziri kiongozi kutoka Congress, haikushtuka vya kutosha. Mwezi Machi 1964 aliunga mkono mpango wa shule kufundisha lugha tatu, Kihindi kikiwa mojawapo.

DMK kikatangaza kwamba 26 Januari 1965, Siku ya Jamhuri, itakuwa siku ya maombolezo. Bhaktavatsalam akaonya kwamba hatavumilia mtu kuichafua siku hiyo takatifu ya taifa. Annadurai, ambaye hakuwa mtu wa fujo, akayarudisha maombolezo hadi siku moja kabla, tarehe 25. Haikusaidia. Alikamatwa tarehe 25 pamoja na maelfu ya wafuasi wake.

Hapo ndipo serikali ilipofanya kosa la hesabu. Iliwaweka ndani wanasiasa ikidhani imeuzima moto, kumbe wenye moto walikuwa wanafunzi wa vyuo. Tarehe 25 hiyohiyo, mjini Madurai, waandamanaji wa chuo walipambana na watu wa Congress, na habari zikasambaa jimbo zima. Siku iliyofuata T. M. Sivalingam alijichoma Madras. Tarehe 27 Aranganathan naye akafanya hivyo, na Rajendran, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Annamalai kule Chidambaram, akauawa kwa risasi ya polisi. Vibao vya Kihindi kwenye stesheni za reli vilipakwa lami, treni na ofisi za posta zikachomwa moto, vyuo vikafungwa. Wengine walikunywa sumu. Takwimu rasmi zinataja vifo vipatavyo 70; makadirio mengine yanafika mamia.

Lal Bahadur Shastri, waziri mkuu mpya, alikuwa mtu wa Uttar Pradesh, kitovu cha Kihindi, na baraza lake lilikuwa na watetezi wakubwa wa lugha hiyo. Tarehe 11 Februari mawaziri wake wawili kutoka Madras, C. Subramaniam na O. V. Alagesan, waliwasilisha barua za kujiuzulu. (Subramaniam ndiye waziri wa kilimo ambaye angekuja kuongoza mapinduzi ya ngano yaliyoiokoa India na njaa, si mtu wa kupoteza kirahisi.) Usiku huo Shastri akaenda All India Radio. Alisema kila jimbo lina uhuru wa kufanya shughuli zake kwa lugha yake au kwa Kiingereza. Mawasiliano kati ya majimbo yatakuwa kwa Kiingereza au yataambatana na tafsiri yake. Majimbo yasiyo ya Kihindi yataandikiana na Delhi kwa Kiingereza. Shughuli za serikali kuu zitaendelea kwa Kiingereza. Na mitihani ya kuingia utumishi wa serikali kuu itaendelea kufanywa kwa Kiingereza. Mawaziri wakarudi kazini, na ghasia zikaanza kupoa.

Mtihani

Hilo la mwisho kwenye orodha ya Shastri, la mitihani, ndilo ufunguo wa kisa chote. Watamil walikuwa wamewekeza katika Kiingereza kwa karne nzima. Ajira ya serikali kuu ilikuwa ndiyo njia ya kijana wa familia ya kawaida kutoka, na mlango wake ulikuwa mtihani. Kwa Kiingereza, kijana wa Madurai na kijana wa Lucknow wote wanafanya mtihani kwa lugha ya kigeni. Kwa Kihindi, wa Lucknow anafanya kwa lugha ya mama yake, na wa Madurai anashindana naye akiwa amejifunza darasani. Ndiyo maana waliojitokeza barabarani ni wanafunzi wa vyuo, miaka michache tu kabla ya kutafuta kazi, na hawakuwa wakulima ambao lugha ya barua za Delhi haikuwagusa.

Msomaji wa Kiswahili atauliza kwa haki: mbona kwetu iliwezekana? Mwaka 1967 serikali ya Tanzania iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na hakuna aliyejichoma moto Shinyanga. Jibu langu ni kwamba Kiswahili hakikuwa lugha ya kabila kubwa. Waliozaliwa nacho walikuwa wachache, pwani na visiwani, na hakuna Msukuma aliyeogopa kwamba Waswahili watamaliza nafasi zote za ukatibu mkuu. Karibu kila mtu alikuwa amejifunza, kwa hiyo karibu kila mtu alikuwa amelipa kiingilio. Kama Tanganyika ingeamua lugha rasmi iwe Kisukuma kwa sababu Wasukuma ni wengi, tungekuwa na kisa chetu cha kuandika. Na tusijisifu kupita kiasi: Kiingereza nacho hakikuondoka katika sekondari zetu.

Kufuli la mwaka 1967

Uchaguzi wa mwaka 1967 uliiondoa Congress madarakani Madras. DMK kilipata zaidi ya viti 130 kati ya 234. Bhaktavatsalam alianguka. K. Kamaraj, aliyewahi kuongoza jimbo hilo kwa miaka tisa na wakati huo akiwa rais wa Congress ya nchi nzima, alishindwa katika mji wake wa Virudhunagar na P. Seenivasan, mmoja wa viongozi wa wanafunzi wa mwaka 1965. Annadurai akawa waziri kiongozi, na jimbo likabadilishwa jina kuwa Tamil Nadu Januari 1969, wiki chache kabla ya yeye kufariki. Congress haikurudi kuliongoza jimbo hilo kwa zaidi ya nusu karne.

Delhi nayo ilirekebisha sheria. Tangu wakati huo, ili Kiingereza kiondolewe, ni lazima kwanza mabunge ya majimbo yote ambayo hayakukichukua Kihindi kama lugha rasmi yapitishe azimio la kukubali, kisha mabunge yote mawili ya nchi. Majimbo yote. Hata Nagaland, yenye watu wasiofika milioni 2 katika sensa ya 2011 na ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza, ina uwezo wa kuzuia peke yake. Tamil Nadu ikaenda mbali zaidi. Januari 1968 bunge lake lilikataa mpango wa lugha tatu shuleni likachagua mbili tu, Kitamili na Kiingereza. Kanuni za lugha rasmi za mwaka 1976, zinazoelekeza ofisi za serikali kuu zitumie Kihindi namna gani, zimeandikwa wazi mwanzoni kwamba zinahusu India nzima isipokuwa jimbo la Tamil Nadu.

Mimi naona huu ndio ufundi wa suluhisho lile, ingawa hakuna aliyelipanga hivyo. Hawakukubaliana lugha. Walikubaliana kwamba hakuna atakayemlazimisha mwenzake, na wakaondoa tarehe. Jirani zao walichukua njia nyingine: Pakistan ilishikilia Kiurdu mbele ya Wabengali wa mashariki, ikaua waandamanaji Dhaka Februari 1952, na kufikia 1971 upande wa mashariki ukawa nchi nyingine.

Lakini suluhisho hilo lina wanaolilipia. Ram Manohar Lohia, mwanasiasa wa kisoshalisti, alikuwa akiongoza kampeni ya kukiondoa Kiingereza tangu miaka ya hamsini, na hoja yake haikuwa ya kibeberu: alisema Kiingereza ni ukuta wanaojificha nyuma yake wakubwa wachache ili mtoto wa mkulima asiwafikie, awe wa Bihar au wa Madras. Sheria ya 1967 ilipokuwa ikijadiliwa, wanafunzi wa kaskazini nao walitoka barabarani kung'oa vibao vya Kiingereza. Yule kijana wa Lucknow niliyemtaja anaweza kumudu. Mtoto wa kijiji cha Bihar aliyesoma shule ya serikali hakumudu wakati ule na wengi hawamudu sasa. Usawa wa Mtamil na Mhindi wa kaskazini ulinunuliwa kwa kuacha pengo kati ya mwenye shule nzuri na asiye nayo, kusini na kaskazini.

Na ugomvi wenyewe haujafa. Katika mwaka wa fedha wa 2024-25 serikali kuu ilizuia fedha za elimu za Tamil Nadu, kiasi cha rupia zaidi ya bilioni 21, jimbo lilipokataa kutia sahihi mpango unaofungamana na sera ya elimu ya 2020, yenye lugha tatu ndani yake. Waziri kiongozi M. K. Stalin alijibu kwa lugha ileile ya mwaka 1965. Ajabu ni kwamba mjini Chennai kwenyewe ipo taasisi ya kufundisha Kihindi kusini mwa India, iliyoanzishwa na Gandhi mwaka 1918, na Watamil wanaendelea kwenda kufanya mitihani yake kwa hiari na kwa fedha zao.

Waliosahaulika zaidi katika kisa hiki wako upande ulioitwa wa washindi. Ile asilimia 43.6 ya Kihindi imejumlisha Kibhojpuri, chenye wasemaji takribani milioni 50, Kirajasthani milioni 25, Kichhattisgarhi milioni 16 na Kimagahi zaidi ya milioni 12, kila kimoja kimewekwa kapu moja kana kwamba ni lahaja. Ukiviondoa pamoja na vingine vya namna hiyo, wanaobaki na Kihindi kama lugha mama ni kama robo ya nchi. Jedwali la Nane limekua kutoka lugha 14 hadi 22. Kimaithili na Kisantali viliingia kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2003. Maombi ya lugha nyingine 38 yako mezani kwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na Kibhojpuri ni mojawapo.